Rubani Aliyenisalimia Mara Tatu

Wiki ya pili tangu nistaafu, Leah, dada aliyeichukua meza yangu, alinipigia simu nikiwa shambani Samuye, nimeinama kwenye mistari ya choroko. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha chooni.

"Shikamoo Mama Kabula. Samahani kwa usumbufu. Bosi anasema rubani akiwa amekaa kivulini anasubiri abiria, hayo ni mapumziko. Nimwandikie mapumziko?"

Nilimwambia asithubutu. Kisha nikaegemeza jembe, nikaingia ndani kutafuta daftari, maana swali hilo nilidhani nimelizika miaka kadhaa iliyopita, kumbe limefufuka kabla sijamaliza hata palizi ya kwanza. Kwa hiyo haya nawaandikia ninyi mliobaki pale ofisini. Vyeo vyangu sitavitaja, havina hadithi. Mshahara wangu nao ulikuwa mfupi, haufiki hata mwisho wa sentensi hii.

Nilianzia kwenye dirisha la tiketi za basi, Kagongwa. Mabasi yalikuwa ya Bwana Nkwabi, ambaye alikuwa ameanza na pamba, akahamia malori, akaja mabasi, kisha dhahabu ikamnyanyua kutoka ardhini kabisa. Siku moja aliegesha gari mbele ya dirisha langu, akaniita kwa kidole.

"Mama Kabula, wewe unajua kupanga madereva. Nimenunua ndege. Njoo Shinyanga upange marubani."

"Bosi, mimi ndege nimeziona kwa chini tu."

"Hata mimi," akasema, na huo ndio ukawa usaili wangu.

Ofisi ilikuwa kontena karibu na uwanja, lina feni moja na meza moja. Siku ya kwanza nilikuja na kitabu changu cha tiketi za basi, kalamu sikioni. Akapita kijana mmoja wa shati jeupe anakwenda kwenye ndege. Nikamzuia mlangoni.

"Tiketi yako iko wapi?"

"Mama, mimi ni rubani msaidizi."

"Aa, kondakta. Pita."

Aliyenisikia ni Kapteni Salum, rubani mkuu wetu. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, amestaafu urubani wa jeshi, na alikuwa na tabia ya kucheka bila kutoa sauti, mabega tu ndiyo yanatikisika. Mabega yalitikisika muda mrefu siku ile. Alipomaliza alinikalisha chini, akanifundisha kazi ambayo mwajiri wangu alidhani naijua.

Alibandika ukutani karatasi kubwa ya manila yenye majina ya marubani pembeni na tarehe juu. Kalamu nyeusi ilikuwa ya saa za kuruka. Ya bluu ilikuwa ya kuwa kazini bila kuruka. Nyekundu ilikuwa ya mapumziko. "Watu wengi wataijua nyeusi," aliniambia. "Abiria anaijua, mhasibu anaijua. Wewe kazi yako ni bluu. Rubani aliyetua mgodini asubuhi, akakaa chini ya bawa hadi alasiri anamngoja meneja amalize kikao, huyo hajapumzika. Kungoja nako ni kazi, tena inachosha kuliko kuruka, kwa sababu ukiruka angalau unajua unafika."

Alinifundisha na mengine. Kupiga simu mgodini kabla ndege haijaondoka na kuuliza kama ng'ombe wametoka kwenye njia ya kurukia. Kuuliza mara ya pili, maana jibu la kwanza huwa "wanatoka". Kumpima abiria kwenye mizani pamoja na mzigo wake, na kutomwamini anaposema kilo zake kwa mdomo. Hapo kwenye mizani ndipo nilipofahamiana na Mama Pili, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Katoro, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Mara ya kwanza kupanda mizani yetu aliweka na mkoba wake mdogo wa mkononi. Mshale ukaruka kama umechomwa sindano. Kapteni Salum akautazama mkoba, akanitazama mimi, akaandika kilo, hakuuliza. Mama Pili alimpenda tangu siku hiyo.

Biashara ikakua. Ndege moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Migodi ilitaka kupeleka wafanyakazi wake zamu, wanunuzi wa dhahabu walitaka kuwahi, wanasiasa walitaka kuonekana wanashuka. Bwana Nkwabi akanunua jeti. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Viti vya ngozi, zulia, na kabati dogo la vinywaji ambalo mlinzi alilijua vizuri kuliko abiria. Shida yake moja ni kwamba haikuweza kutua kwenye njia za vumbi, na wateja wetu wote walikuwa kwenye vumbi. Basi mteja tajiri alibebwa na ndege ndogo kutoka mgodini, akashushwa Mwanza, akapanda jeti, akapiga picha, akaondoka. Jeti ikatokea kwenye kalenda ya kampuni miezi yote kumi na miwili.

Kwa ajili yake aliletwa kapteni kutoka nje ya nchi. Alipewa nyumba, gari, mpishi, na mshahara ambao wenzake waliukadiria kwa kunong'ona. Aliruka mara chache kwa mwezi, siku nyingine akaogelea. Wenzake wa ndege ndogo walikuwa wanatua kwenye mawe mara tano kwa siku, wanapakia mizigo kwa mikono yao, wanafukuza mbuzi wenyewe, na walilipwa kama vile mbuzi ndio waliokuwa wakiendesha.

Malipo yao nayo yalikuwa na historia. Mwanzoni Bwana Nkwabi aliwalipa kwa saa waliyoruka. Wakati huo kila safari iliyoahirishwa ilimfurahisha. Baadaye mtu akamshauri awalipe kwa mwezi, kiasi kimoja, waruke wasiruke. Siku iliyofuata akaanza kuniuliza kwa nini huyu yuko chini, kwa nini yule yuko chini. Alipowalipa kwa saa hakutaka wapae. Alipowalipa kwa mwezi hakutaka washuke.

Kuajiri alifanya mwenyewe, mimi nikiandika kumbukumbu. Aliuliza maswali matatu. Umeoa? Una mkopo? Unaweza kuanza leo? Mwenye mke na mkopo alichukuliwa, kwa sababu huyo hakimbii. Wengi walikuwa vijana waliotoka chuo cha urubani na saa chache, wanatafuta mahali pa kuzikusanya, na kampuni yetu iliwapa mafunzo ya aina ya ndege tuliyokuwa nayo. Kwa mafunzo hayo walisaini mkataba wa miaka mitatu. Ukiondoka mapema, unarudisha gharama zote, na gharama alizipanga yeye. Kijana mmoja aliuliza kuhusu siku za likizo. Akashukuriwa, akaonyeshwa mlango. "Ana maswali kama mkaguzi," bosi aliniambia. "Usiandike hilo."

Kapteni Salum alivumilia hadi siku kiti cha rubani msaidizi kilipouzwa kwa abiria. Sheria iliruhusu rubani mmoja kwa ndege zile, Bwana Nkwabi akasema, sasa kwa nini alipe wawili? Mzee alimweleza kwa adabu kwamba ndege zimeongezeka na marubani wamebaki wale wale, na kwamba iko siku mmoja wao atalala huko huko juu. Bosi akacheka. Mwisho wa mwezi Kapteni Salum akarudi Tanga. Aliniachia kalamu zake tatu na namba ya simu. Nafasi yake ikakaimiwa na Bwana Nkwabi mwenyewe, ambaye hakuwahi kuendesha kitu chochote kinachoondoka ardhini.

Sasa nije kwa Deus.

Deus alikuwa kijana wa kwetu, Msukuma, mrefu, mwenye aibu kidogo. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wa ukoo kumsomesha urubani. Kila asubuhi aliingia ofisini akanisalimia kwa lugha ya nyumbani, "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, nami nikamwitikia, akachukua makaratasi yake akaenda. Alikuwa rubani mzuri. Walikuwa wakimtaja kwa jina kule migodini, jambo ambalo ni baya kwa rubani, kwa sababu kila mtu anamtaka yeye.

Asubuhi ile aliingia, akanisalimia, nikaitikia. Akatoka kwenda kuangalia hali ya hewa. Akarudi, akasimama mbele yangu. "Mwangaluka mayu." Nikadhani ananitania, nikaitikia tena. Akatafuta kalamu mezani, ilhali alikuwa nayo mkononi. Akatoka nje, akakumbuka kitu, akarudi. "Mwangaluka mayu."

Niliinua macho. Yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa yananitazama kama anavyotazama mtu kioo cha dirisha badala ya kilicho nje.

"Deus, kaa. Jana usiku ulilala saa ngapi?"

"Nimelala, mama."

"Sijauliza kama umelala."

Akakaa. Nikaitazama karatasi ukutani, ingawa sikuhitaji. Ilikuwa siku yake ya tisa mfululizo. Juzi alianza kabla ya jua. Jana alitua mara tano, na katikati alingoja mgodini kwa muda wa saa nne, kisha akatumwa kumpeleka mgonjwa Mwanza, akarudi kwa barabara kwa sababu ndege ilibaki kwa fundi. Siku hiyo ya tisa mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandika nyekundu. Yule kaimu rubani mkuu alikuwa amempigia simu asubuhi bila kunieleza.

"Mwambie umechoka," nikasema.

"Nikimwambia, ananiambia nisaini niondoke. Nikiondoka nalipa. Nalipa na nini, mayu? Ng'ombe wameisha. Baba zangu wadogo kila wakinipigia wananiuliza ndege itazaa lini."

Alijaribu kucheka, ikawa miayo.

Bwana Nkwabi aliingia akinukia marashi. Abiria sita walikuwa wameshafika, wafanyabiashara wa dhahabu kutoka Katoro waliokuwa wamelala Shinyanga kwa mkutano wao, na sasa walitaka kuwahi maonesho ya madini Arusha. Mama Pili alikuwa mmoja wao. Bosi akanyoosha fomu ya safari, ambayo saa za Deus za jana nilikuwa nimeshazijaza.

"Saini, Mama Kabula. Na jana yake iandike mapumziko."

"Jana alitua mara tano, bosi."

"Alikaa mgodini saa nne. Kwenye kiti. Mimi nikikaa kwenye kiti napumzika."

Nilitaka kumwambia kwamba kwa hesabu hiyo amekuwa mapumzikoni tangu nimfahamu, lakini nilimeza.

"Madereva wangu wa basi," akaendelea, "walikuwa wanatoka Kagongwa mpaka Dar bila kupepesa."

"Na mmoja akisikia usingizi anaegesha pembeni. Huko juu, bosi, pembeni ni wapi?"

Kisha akavuta kiti, akachukua dawa ya kufutia, akaipaka juu ya maandishi yangu, akapuliza ikauke, akaandika mapumziko kwa mkono wake. Akasaini mahali palipotakiwa aina ya mafuta. Deus akainuka, akabeba begi lake.

"Ni safari moja tu, mama. Nikirudi nalala."

Mlango ukafungwa nyuma yao. Nilibaki nimesimama nimeshika ukingo wa meza. Nilibakiza miaka minne kustaafu. Kabula wangu alikuwa mwaka wa pili chuoni. Niliwaza ada, nikawaza kodi, na ninawaambia ukweli, niliwaza vilevile kwamba pengine atafika salama tu, kama alivyofika siku nane zilizopita. Huo ndio uliokuwa uovu wa kazi yetu: mara nyingi walifika. Nilimpigia Kapteni Salum, simu haikupokelewa. Nikavua miwani, nikaiweka mezani, nikatoka kwenye jua.

Abiria walikuwa wamejipanga kwenye ngazi ya ndege, miwani myeusi, minyororo shingoni. Bosi alikuwa ndani ya gari lake anaongea na simu. Nikasema kwa sauti ya dirisha la tiketi:

"Samahanini wasafiri. Mimi ndiye mpangaji wa zamu. Rubani wa safari hii yuko kazini siku ya tisa na hajapumzika. Fomu inayosema amepumzika si mimi niliyeiandika. Sasa mpande au msipande, ni ninyi."

Mmoja akasema, "Mama, unatutisha?" Mwingine akacheka. Mama Pili hakucheka. Alizunguka hadi ubavuni mwa ndege, akasimama kwenye ncha za vidole, akachungulia dirisha la rubani.

Deus alikuwa ameketi amefunga mkanda. Karatasi yake ya ukaguzi ilikuwa gotini, kidole kimewekwa kwenye mstari wa pili. Kichwa kilikuwa kimelala begani. Kati ya kukaa na kuwasha injini, usingizi ulimkuta.

Mama Pili akagonga kioo kwa pete yake. Kijana hakutikisika.

"Mimi nina maduara matatu Katoro," Mama Pili akawageukia wenzake. "Mashimo marefu, mnayajua. Sijawahi kumshusha chini mtu mwenye usingizi, wala kumshikisha kamba. Nishushieni mzigo wangu."

Bwana Nkwabi alikuja mbio, koti linapepea. "Mama Pili, subiri! Hayo ni mazoezi. Marubani hufumba macho kwanza, wanakusanya mawazo."

"Anakoroma, Nkwabi."

Wakaigeuzia ndege mgongo wote sita. Yule aliyecheka ndiye alikuwa wa kwanza kufika kwenye mizigo.

Nilifungua mlango wa rubani, nikamgusa bega. Deus alishtuka, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye swichi, kisha akaniona. Akatazama njia ya kurukia iliyokuwa tupu mbele yake, akatazama mikono yake.

"Mayu. Sikujua kama nimelala."

Nilimpeleka ofisini, nikamlaza sakafuni juu ya makoti ya mvua. Alilala hadi jioni, hata feni ilipozimika.

Mimi nikapewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kosa la kuchochea abiria. Nikaenda Samuye kupalilia. Meza yangu ikachukuliwa na programu ya kompyuta ambayo Bwana Nkwabi aliuziwa na mtu mwenye tai. Ilikuwa programu ya kisasa kweli. Wiki yake ya pili ilimpanga rubani mmoja kwenye ndege mbili kwa saa ile ile, moja Geita na nyingine Dodoma, na ilipoulizwa ikajibu kwamba hakuna tatizo.

Lakini kilichomwangusha bosi ni mdomo wa Mama Pili. Katoro nzima ikajua. Kutoka Katoro habari ikafika kwenye mgodi mmoja uliokuwa mteja wetu mkubwa, na wale watu wa usalama wa mgodi, ambao hawamruhusu mtu hata kupanda ngazi bila kofia, wakaja kuomba karatasi za zamu. Wakainua ile fomu kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ya kufutia ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na mwandiko wangu ulionekana chini yake. Wakasimamisha mkataba hadi mambo yanyooshwe.

Yakanyooshwa kwa kasi ya ajabu. Marubani watano wapya wakaajiriwa, wakiwemo wawili wasio na mikopo. Wa ndege ndogo wakaongezwa mshahara. Kipengele cha kulipa gharama kikafutwa. Mimi nikafuatwa hadi shambani na gari la kampuni, na dereva alikuwa na maagizo ya kutorudi bila mimi. Tukaitwa kwenye kikao, Bwana Nkwabi akasimama akasema, "Mimi siku zote nimesisitiza mapumziko." Tukapewa fulana zilizoandikwa RUBANI ALIYEPUMZIKA NDIYE FAHARI YETU. Yangu ilikuwa saizi ya mtoto. Nadhani haikuwa bahati mbaya.

Deus alimaliza mwaka, akaondoka. Kabla ya kuondoka alikuja ofisini, akakaa kiti kile kile. Alisema kilichomsumbua si kulala. Ni kwamba alipoamshwa, mkono wake ulikwenda kuwasha. Sasa anaendesha ndege kubwa, wako wawili mbele. Baba zake wadogo walipata mitamba sita, wakaacha kuuliza.

Siku yangu ya mwisho kazini hapakuwa na sherehe asubuhi, ilipangwa jioni, kwa sababu ndege zote zilikuwa na safari. Rehema, mmoja wa wale watano, aliingia saa moja na nusu. Mtoto wake alikuwa na homa usiku kucha. Alisimama mbele ya meza, hakujieleza sana.

"Mama, sijalala. Leo siruki."

"Sawa," nikasema, nikafuta jina lake.

Hapakuwa na mwingine wa kumweka. Safari ilikuwa ya mteja mzito, na bosi alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya ukuta, akaangalia nafasi tupu. Akamwangalia Rehema. Akaniangalia mimi. Nilisubiri, mkono kwenye daftari. Akatoa simu, akatoka nje, nikamsikia kupitia bati la kontena akimwambia mteja kwa masikitiko makubwa kwamba ndege imepata hitilafu ndogo na mafundi wanaishughulikia.

Kwake ilikuwa afadhali mashine ichoke kuliko mtu. Nilimwacha na uongo wake. Rehema alikuwa ameshavua viatu, amejinyoosha kwenye kochi jipya la wageni wa heshima, na bosi aliporudi ndani alipita akinyata.